Stima Zimepotea

Siku tatu nimeketi upande wa dirisha.
Tukuyu niliondoka na mvua. Ikanisindikiza
hadi Uyole, ikarudi nyumbani kama jirani mwenye adabu.
Makambako baridi, Dodoma vumbi,
Singida nikauziwa kuku mgumu kama ahadi,
Shinyanga nililala nimeegemea bega la mtu
aliyeshuka bila kuniamsha wala kuniaga.
Sijui ana uso gani. Bega lake nalijua.

Sirari, afisa akafungua pasi yangu,
mpya bado, inanuka gundi.
"Sababu ya safari?"
Kutembea.
"Kumtembelea nani?"
Sina mtu. Kutembea tu.
Akainua macho: mama wa miaka sitini na moja,
mkunga mstaafu, begi moja, mwavuli mmoja.
Kalamu ikangoja juu ya karatasi.
Hapakuwa na kisanduku cha jibu langu.
Akaandika *Biashara*, akagonga muhuri,
nami nikaingia ugenini nikiwa mfanyabiashara.

Migori. Rongo. Kisii na ndizi zake. Oyugis.
Ahero mpunga ulikuwa gizani, nikaunusa tu.
Kisumu saa tatu usiku.

Kijana wa mapokezi anaitwa Oguda.
"Unataka nini?" akauliza, huku anatabasamu.
Kwetu swali hilo hufunga mlango;
kwake ndiyo karibu yenyewe.
"Samahani baba, naomba chumba, kama kipo."
Akacheka: "Si uchukue tu?"
Kiswahili kilekile, viatu vingine.

Chumba namba saba. Neti ina tundu,
nikalifunga kwa uzi, fundo lilelile
nililofungia vitovu.
Chai niliyoagiza ikaja na maziwa. Sikubishana.
Ziwa lipo, wameniambia, nyuma ya mapaa yale.
Sijaliona. Nasikia harufu yake tu:
samaki, magugu, dizeli.

Mara giza. Chumba, korido, mtaa mzima.
Na sauti ya Oguda kutoka chini, bila haraka:
"Stima zimepotea!"

Zote?

Mimi stima naijua. Stima ndiyo iliyomchukua baba
bandarini Itungi na magunia yake ya mchele
kumpeleka Mbamba Bay.
Ikipotea moja tu, tarafa nzima hukaa matanga.
Hapa zimepotea zote, na mtu anatangaza
kama anayesema sukari imekwisha!
Nikapapasa viatu. Vidole vyangu, wazee wa kazi,
vikaanza vyenyewe kukunja mikono ya blauzi.
Miaka thelathini na minane
sijaitwa gizani nikakataa.

Nikashuka ngazi nimeshika ukuta.
"Kuna watoto ndani?"
"Ndani ya nini, mama?"
"Ya stima."
Akawasha mshumaa. Akaniangalia,
akaniangalia tena, kisha kicheko
kikamwangusha kitini.
Stima ni umeme, mama. Ni taa hizi.
Nami nikacheka, hata mshumaa ukazimika
kwa pumzi zetu, tukacheka upya gizani.

Lakini kitandani sikulala.
Neno likishaingia mwilini halitoki kwa kuelezwa.
Meli zile zilikwisha kujaa:
wanawake na vitenge vyao, kuku waliofungwa miguu,
mtu mmoja asiye na uso, bega tu,
wote wanayumba huko nyuma ya mapaa,
kwenye maji ambayo sijayaona.
Nani awangoje, kama si mimi
niliyewapandisha?

Saa tisa hivi, balbu niliyosahau kuizima
ikawaka usoni pangu.
"Zimerudi!" mtu akapaza sauti barabarani.
Nikaketi. Nikawahesabu wakishuka,
nguo zimelowa, kila mtu anatafuta mzigo wake.
Hata kuku.

Kisha nikaanza kutafuta swichi.
Ukuta wa kulia, hapana. Wa kushoto, hapana.
Kumbe iko nje, kando ya mlango.
Wanajua wenyewe kwa nini.